Mita ya mtumba kwenye Golf IV: kwa nini injini inawaka na kuzima, na kazi inavyomalizika

Swali: Nina Volkswagen Golf IV ya 2001, injini ya petroli 1.6, gia za mkono. Mishale yote ya mita ilianza kulala kwa pamoja, kisha inarudi yenyewe. Nimenunua mita iliyotumika kutoka gari lililochinjwa. Soketi zimeingia sawasawa, ila injini inawaka kwa sekunde moja na kuzima huku taa ya ufunguo ikipepesa. Kilomita nazo zinasoma 243,000 wakati gari langu lina 171,000. Je, nimeuziwa mita mbovu? Naweza kuiandikia kodingi mwenyewe kwa VCDS, ile programu ya kompyuta ya kupimia Volkswagen?

Jibu: Mita haionyeshi dalili ya ubovu, ndugu yangu. Inakukatalia kwa sababu haikujui. Kwenye Golf IV imobilaiza, yaani kinga ya wizi, haina boksi lake la pembeni, imo ndani ya mita. Ukizungusha ufunguo, koili iliyozunguka tundu la swichi inaiamsha chipu ndogo iliyofichwa kwenye kichwa cha ufunguo. Chipu inajibu, mita inalipima jibu, kisha mita ndiyo inayoiambia kontrolboksi ya injini kwamba aliyekuja ni mwenyewe. Kontrolboksi huiacha injini iwake kwanza, halafu hukata mafuta baada ya sekunde moja au mbili isipopata jibu sahihi. Ukisoma hitilafu kwenye anwani 01 (kompyuta ya injini) utakuta 17978, ambayo mashine nyingine huiandika P1570: injini imezuiwa na imobilaiza. Kwenye anwani 17 (mita) kuna uwezekano mkubwa ukaona 01176, ufunguo usiotambulika.

Tatizo kubwa ni hilo neno kodingi, kwa sababu mafundi wengi hulitumia kwa mambo matatu tofauti. Lipo la kuieleza mita imewekwa kwenye gari la aina gani. Hiyo ndiyo kodingi yenyewe, na VCDS inaifanya kwa dakika moja. Lipo la kuoanisha mita na kontrolboksi pamoja na funguo. Hilo linataka nambari ya siri, na si kila mara linakubali kwa mita iliyokwisha kuolewa na gari jingine. Na lipo la kilomita, ambalo VCDS haiwezi kulifanya kwenye mita ya mtumba hata ukesha nayo. Chaneli 09 ya kuweka kilomita hufunguka tu mita ikiwa bado haijafikisha kilomita 100, yaani ikiwa mpya kabisa.

Kabla ya lolote, hakikisha mita yako ya zamani iko salama kabatini. Ndani yake kuna utambulisho wa gari lako, nambari ya siri, kumbukumbu ya funguo zako na zile kilomita 171,000. Mwenye mita ya zamani inayosomeka ana njia fupi. Aliyeitupa atalipia kila kitu upya.

Je, ya zamani ilikuwa imekufa kweli?

Mishale yote kulala kwa pamoja kisha kurudi si ugonjwa wa geji moja moja. Ni umeme unaokatika, ama kabla ya kufika kwenye mita, ama ndani yake. Golf IV zina sifa mbaya ya swichi ya ufunguo kulika sehemu yake ya umeme, ile ya plastiki iliyo nyuma ya silinda ya ufunguo. Ikilika, umeme wa swichi hupotea kwa nukta chache na mishale huanguka. Rudishia mita ya zamani, washa swichi, utikise ufunguo kidogo kushoto na kulia bila kuuzungusha hadi mwisho. Mishale ikicheza, mgonjwa ni swichi, na ulinunua mita bure.

Isipocheza, pima volti kwenye soketi ya mita. Kuna nyaya tatu za kuzingatia: umeme wa kudumu (30), umeme wa swichi (15) na hasi (31). Pima betri, kisha pima kati ya 30 na 31, na kati ya 15 na 31, huku taa na feni vikiwa vimewashwa. Ukikosa zaidi ya nusu volti kulinganisha na betri, tafuta kutu au fyuzi iliyolegea, usitafute mita.

Umeme ukiwa mzima, ingia anwani 17, kitendo 03. Hapo mita inaamriwa kupeleka kila mshale mahali maalumu na kuwasha taa moja baada ya nyingine. Fanya hivyo mita ikiwa baridi, kisha rudia baada ya gari kukaa juani au hita kupuliza kwa robo saa. Ikipita baridi na kufeli moto, kuna lehemu iliyopasuka kwenye kadi, mara nyingi kwenye miguu ya soketi zenyewe kwa sababu ndizo zinazovutwa. Kuzipasha upya miguu 64 kwa risasi safi ni kazi ya saa moja, haigusi imobilaiza wala kilomita, na ndiyo ningeichagua mimi kabla ya mita yoyote ya mtumba. Jambo la pembeni: kama kinachokusumbua ni mshale wa joto peke yake, acha mita kabisa. Sensa ya maji ya injini hizo yenye miguu minne, ile ya asili nyeusi, hufa sana, na mbadala wake ni ya kijani.

Mita ipi inafaa

Tuseme kweli imekufa. Linganisha namba za kibandiko cha nyuma, si sura ya mbele. Unataka namba ile ile ya sehemu ikiwezekana hadi herufi ya mwisho, na mtengenezaji yule yule. Golf IV zilifungwa mita za VDO, za Magneti Marelli na za Bosch, ambayo ni ukoo wa Motometer. Zinaingia soketi zile zile mbili za miguu 32, moja ya bluu na moja ya kijani, lakini ndani ni vitu tofauti na kumbukumbu zao hazisomani. Mita ya dizeli ina mwisho wa mizunguko ya chini kuliko ya petroli. Mita ya gari la mwanzo lisilo na basi ya data (nyaya ambazo kompyuta za gari huzungumza kupitia kwazo) haitazungumza na gari la 2001 hata kama soketi zinakaa. Magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne nayo yana tangi lenye umbo jingine, kwa hiyo geji yake ya mafuta itakudanganya.

Kujua kizazi cha imobilaiza ni rahisi: fungua anwani 17 na utazame maandishi ya utambulisho. Ukiona msimbo wa herufi 14 unaoanza na VWZ peke yake, ni kizazi cha pili. Ukiona namba ya chesisi ya herufi 17 pamoja na huo msimbo wa 14, ni cha tatu. Golf ya 2001 karibu hakika ni cha tatu, na maelezo yanayofuata yanahusu hicho. Kwenye mita ya mtumba utasoma chesisi ya gari lililochinjwa, jambo ambalo pia linakusaidia kujua kama muuzaji alikuambia ukweli.

Ukiwa bado na mita ya zamani kwenye gari

Ihifadhi ripoti nzima ya kompyuta zote za ndani ya gari, yaani kila anwani inayojibu. Andika kwa mkono kodingi ya anwani 17, kodingi ya anwani 19 (lango la basi ya data), na thamani za chaneli 03, 04 na 30 za kitendo 10 (marekebisho). Piga picha kilomita swichi ikiwa imewashwa. Funga chaja ya betri kwa muda wote wa kazi, maana volti ikishuka katikati ya kuandika utapata mita isiyo yako wala ya mwenzako.

Kama mashine inaingia kwenye ABS lakini injini na mita haziitiki, chomoa redio kwanza. Kwenye Volkswagen za enzi hizo waya wa mawasiliano ya mashine unapita kwenye soketi ya redio, na redio ya dukani huwa imeweka kitu kingine kwenye mguu huo. Watu wamenunua kontrolboksi kwa sababu ya redio. Redio ya asili nayo itakuomba nambari yake ya kuifungulia ukichomoa betri, kwa hiyo itafute mapema.

Kutoa mita hakuchoshi. Shusha usukani hadi chini na uuvute nje hadi mwisho, ondoa kava la plastiki kati ya usukani na mita kwa kulivuta klipu zake, fungua skrubu mbili za nyota T20, kisha inamisha mita kuelekea kwako. Kila soketi ina lachi ya kukunja. Ikunje yote, usivute nyaya. Swichi iwe imezimwa na ufunguo uwe mfukoni. Ukiwasha swichi mita ikiwa nje, boksi la mifuko ya hewa litaandika hitilafu ya taa yake, na taa hiyo haitazimika hadi uifute kwa mashine anwani 15. Alteneta pia hutegemea mkondo wa taa ya betri iliyo ndani ya mita ili ianze kuchaji, hivyo usitarajie majaribio yoyote ya maana gari likiwa halina mita.

Njia ninayoipendekeza: kuhamisha kumbukumbu

Kwenye kadi ya mita kuna chipu ndogo ya miguu minane, eepromu, yenye maandishi kama 93C86 au 24C32. Humo ndimo yanamokaa utambulisho, funguo na kilomita. Ukichukua yaliyomo kwenye chipu ya mita ya zamani na kuyaandika kwenye chipu ya mita ya mtumba inayolingana nayo, gari halitajua kwamba kuna kilichobadilika. Funguo zako zitakubaliwa, kodingi itakuja yenyewe, na kilomita zitakuwa 171,000 za kweli. Hakuna nambari ya siri inayohitajika.

Familia mbili za chipu hizi zinasomwa tofauti. Zinazoanza na 24 hutumia nyaya mbili za mawasiliano. Zinazoanza na 93 hutumia nne, na zina mguu unaoamua kama data inasomwa kwa biti 8 au 16. Ukisoma 93 kwa mpangilio usio sahihi, baiti zitakuja zimepinduliwa mbili mbili na faili litaonekana zuri tu machoni. Ukubwa wa faili ndio ushahidi wako wa kwanza: 93C56 na 24C02 hutoa baiti 256, 93C86 na 24C16 hutoa 2,048, 24C32 hutoa 4,096. Faili likiwa na ukubwa mwingine, umechagua chipu isiyo sahihi kwenye programu.

Klipu ya kubana chipu ikiwa bado kwenye kadi ni kishawishi, na ndiyo chanzo cha faili mbovu nyingi. Umeme wa klipu huiamsha prosesa ya mita, nayo huanza kuzungumza na chipu wakati ule ule unapoisoma. Mbaya zaidi, inaweza kuandika. Ing'oe chipu. Paka flaksi, pasha kwa hewa ya moto au kwa risasi nyingi upande kwa upande, inyanyue bila kulazimisha, na uweke alama ya mguu wa kwanza kabla hujaigusa. Njia za shaba chini yake ni nyembamba, na ukizing'oa utatumia jioni nzima kuunganisha waya wa unywele.

Soma mara tatu, hifadhi mafaili matatu, uyalinganishe. Lazima yafanane baiti kwa baiti. Faili lililojaa FF au 00 mwanzo hadi mwisho ni mguso mbaya wa programa, yaani kifaa cha kusoma na kuandika chipu. Hifadhi pia faili la mita ya mtumba kabla ya kulifuta. Ndilo njia yako ya kurudi. Kisha andika, soma tena ulichoandika, linganisha, ndipo urudishe chipu. Kuna njia nyepesi zaidi ambayo watu huisahau: kama chipu ya zamani ni nzima, ihamishe yenyewe, ya mita ya zamani iende kwenye kadi ya mtumba. Hakuna faili la kukosea. Hata hivyo isome kwanza, kwa sababu chipu iliyopasuka haina nakala.

Tahadhari ni ile niliyoitaja kuhusu namba za nyuma. Faili la VDO kwenye Bosch, au hata VDO ya toleo la programu tofauti sana, litakupa neno "dEF" mahali pa kilomita au hitilafu 65535, yaani mita haiielewi kumbukumbu yake. Ikitokea, rudisha faili la mtumba ulilohifadhi, mita itafufuka. Na usidhani mbinu hii inakwenda kwenye kila gari. Magari yaliyokuja baadaye hugawa siri kati ya eepromu na prosesa, na kuhamisha nusu yake hakusaidii.

Kwenye baadhi ya mita utalazimika kutoa mishale ili kuitoa kadi. Washa swichi kwanza upige picha mishale ikiwa imetulia kwenye sifuri. Toa kila mshale kwa kuunyanyua wima huku ukiuzungusha taratibu, kamwe usiukunje upande mmoja, maana mhimili wa mota yake ni mwembamba. Ukiurudisha, usikisie: rudi kitendo 03, acha mita ijipeleke mahali inapojua, kisha weka mshale unapoelekea.

Kama chipu haisomeki

Ikiwa mita ya zamani imeungua kiasi kwamba chipu yake imekufa, njia ya mashine ndiyo iliyobaki, na hapo unahitaji nambari za siri mbili, zenye tarakimu nne kila moja: ya mita ya mtumba na ya gari lako. Ya gari lako iulizie kwa wakala rasmi ukiwa na hati za umiliki. Ya mita ya mtumba hutolewa kwenye kumbukumbu yake. Unaingia anwani 17, kitendo 11, unaandika sifuri kisha nambari ya mita hiyo, mfano 1234 inakuwa 01234. Halafu kitendo 10, chaneli 50, unaandika nambari ya gari lako kwa mtindo huo huo, na mita itauchukua utambulisho kutoka kwenye kontrolboksi. Ukiona chesisi ya gari lako imejitokeza, hifadhi.

Usibahatishe nambari. Baada ya makosa machache mita hujifunga, na muda wa kusubiri huongezeka kila unapokosea tena. Muda huo huhesabiwa swichi ikiwa imewashwa, kwa hiyo anayezima gari na kwenda kulala hakuti kilichopungua.

Kisha funguo. Ingia tena kwa nambari, chaneli 21, andika idadi ya funguo ulizonazo zote, hifadhi. Zima, weka ufunguo wa pili, washa swichi hadi taa ya imobilaiza izimike, na uendelee na mwingine bila kuchelewa, ndani ya dakika moja. Ufunguo ambao haukuwepo hautawasha gari tena. Hapa pia ndipo watu wanapokwama: kwenye kizazi cha tatu, chipu ya ufunguo ikishafungwa kwa gari moja haifunguki, kwa hiyo usinunue funguo za mtumba ukitarajia zitaingia. Usishangae pia mita ikizikataa zako za zamani. Uwe na ufunguo wenye chipu mpya tayari.

Wapo wanaochukua seti nzima ya gari lililochinjwa, mita, kontrolboksi na chipu ya ufunguo. Inafanya kazi bila mashine, mradi injini ziwe za msimbo mmoja. Mimi huiona njia ya dharura tu, kwani unabaki na namba ya chesisi ya gari jingine ndani ya kompyuta za gari lako.

Kodingi yenyewe

Ukihamisha kumbukumbu, kodingi itakuwa tayari, ithibitishe tu. Ukitumia njia ya mashine, iandike kwa kitendo 07, na kanuni ni kunakili ile ya zamani bila kuongeza ubunifu. Ina tarakimu tano. Mbili za mwanzo ni jumla ya vifaa: 01 ni onyo la breki kulika, 02 mkanda, 04 maji ya kuoshea kioo, 16 navigesheni. Gari lenye la breki na la maji huandikwa 05. Ukiongeza 01 kwenye gari lisilo na waya wa breki, taa ya breki haitazima. Ya tatu ni nchi. Ya nne ni idadi ya silinda, kwako 4. Ya tano ni idadi ya mapigo ya kipima mwendo, na hiyo ikikosewa spidi na kilomita zote mbili husema uongo kwa uwiano ule ule. Ilinganishe na GPS kwenye barabara iliyonyooka.

Anwani 19 ndiyo inayosahaulika. Ni lango la basi ya data, nalo limo ndani ya mita. Jumla yake ni 1 kwa gia otomatiki, 2 kwa ABS, 4 kwa mifuko ya hewa. Gari lako la gia za mkono lenye ABS na mifuko ya hewa ni 00006. Mita iliyotoka kwenye otomatiki italeta 00007, nayo itaendelea kulalamika kwamba haioni gia ambayo haipo.

Malizia kwa chaneli ndogo. Chaneli 04 ni lugha. Chaneli 03 hurekebisha hesabu ya matumizi ya mafuta kati ya asilimia 85 na 115. Chaneli 30 husogeza geji ya mafuta, kati ya 120 na 136, kawaida 128. Usiiguse hadi uwe umejaza tangi mara moja na kuona mshale unasimama wapi.

Kuhusu kilomita: ukihamisha kumbukumbu, 171,000 itarudi, na hiyo ni halali kwa sababu ndiyo kweli. Ukibaki na 243,000, usimtafute wa kuishusha hadi namba inayopendeza. Andika tofauti. Sheria ya Marekani inataka mita isiyoweza kuonyesha kilomita za awali irudishwe sifuri na kibandiko kiwekwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto, chenye kilomita za kabla ya kazi na tarehe ya kazi. Hata ambako sheria haidai hivyo, kibandiko cha aina hiyo pamoja na picha ya mita ya zamani vitakuokoa siku utakapomuuzia mtu gari. Mafaili yako mawili ya eepromu yaweke kwenye flashi, na mita ya zamani irudi kabatini.